Majani Yameziba Tena

Nesi Nsia alinifunga kile kitambaa mkononi,
akakipuliza kikavimba, akasoma namba, akanyamaza.
Kisha: "Mama Elinami, dawa nitakupa.
Lakini kila alfajiri ukae dakika kumi.
Usifanye kitu. Hesabu pumzi."
Nikacheka. Mimi, nisifanye kitu?

Siku ya kwanza nilikaa juu ya kreti la soda,
stoo, kati ya gunia la mahindi na makopo ya rangi
yaliyobaki tulipopaka nyumba mwaka wa kipaimara.
Moja. Mbili. Tatu.
Vikoba vya Jumatano, nani hajalipa?
Moja. Mbili.
Gesi imebaki kiasi gani?
Moja.
Kwa nini dada yangu alisema vile msibani,
mwaka wa tisini na nane?
Nikafungua macho. Zimepita dakika mbili,
nami nimechoka kama niliyebeba mkungu
kutoka sokoni Kiboriloni hadi Pasua.

Siku ya tatu mume wangu akachungulia, mswaki mdomoni:
"Unasali au umelala?"
Sikujua. Nikamwambia, "Funga mlango."

Siku ya tisa nikaanza kusikia.
Adhana ya mjini, ikifika imechakaa kwa umbali.
Jogoo wa akina Temba, asiyejua saa.
Bomba la uani, tone, kimya, tone.
Na moyo wangu, ukibisha hodi
kama mgeni asiye na haraka.
Nikachora mistari ya mkaa kwenye kalenda ya SACCOS,
kumi na saba, imesimama kama gwaride.
Nikajisifu. Nikamshauri hadi jirani,
kidole juu, kama mtu aliyezaliwa ametulia.

Kisha shemeji akafariki, Kibosho.
Siku sita za masufuria na maturubai,
kuni mbichi, macho mekundu, wali wa watu mia tatu.
Nikarudi nikaikuta kalenda nyeupe.
Mlango wa stoo nikawa naupita
kama mdaiwa anavyolipita duka.
Wiki. Wiki ya pili.

Aliyenirudisha si nesi.
Nilikuwa nafua, maji yakagoma kwenda,
nikainama mtaroni, nikatia mkono,
na baba yangu akanijia, mzima mzima.

Kule Old Moshi zamu yetu ya mfongo
ilikuwa saa kumi usiku.
Yeye na jembe, koti lenye tundu kwapani;
mimi na taa ya chemli, miaka minane, usingizi kichwani.
Hakuwahi kusema neno la hekima.
Alikuwa mtu wa kulalamika, Mungu amrehemu.
Aliinama, akazamisha mkono kwenye maji ya mlimani
yaliyouma kama meno,
akatoa majani, matope, siku moja kandambili ya mtu,
akasema, "Majani yameziba tena."
Kesho yake hivyo hivyo. Tena.
Sikumsikia akiulaumu mti.
Sikumwona akihesabu siku alizozibua.
Na maji hakuyaleta yeye.

Basi nimekaa. Kreti lilelile,
linanichora miraba mahali nisipopataja.
Moja. Mbili. Ada ya Elinami.
Jani. Nalitoa.
Moja. Dada yangu, tisini na nane.
Hilo si jani, ni gogo.
Nalisukuma kidogo, naliacha, nitalikuta kesho.
Moja.

Nje, Kibo labda umetoka, labda umejifunika.
Sijachungulia.
Kalenda niliigeuza ikatazama ukuta.
Namba imeshuka kidogo, nesi anasema, si sana.
"Bado unaendelea?"
"Naanza," nikamjibu.

Leo mlango umefunguka polepole.
Mume wangu, mswaki mdomoni, hakuuliza.
Akageuza kopo la rangi, akalikalia,
magoti yakalia kama bawaba.
Pumzi zake nzito, zina vituo vyake,
kama lori la saruji likipanda Marangu.
Dakika ya nne akaanza kukoroma.
Sikumwamsha.
Jani hilo nalo.
Moja. Mbili.