Mshono Wangu Naujua

Miaka thelathini na mmoja nimeshona bendera
kiwandani nyuma ya stesheni, mjini Harlow Falls, Ohio.
Nyota huja zimeshatiwa na mashine.
Mistari naiunga mimi: mwekundu, mweupe, mwekundu,
hata usiku nikifumba macho bado inapita.
Sijawahi kuilia. Kitambaa ni kitambaa
mpaka kitoke mlangoni.

Jumanne ile, mbele ya mahakama,
kijana wa akina Dombeck, yule mdogo,
Anselm, mwenye kigugumizi,
aliitandaza bendera kwenye ngazi
akinyoosha pembe zake polepole
kama anayemtandikia mgeni kitanda.
Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo.
Ya pili pia.
Muda wa kumzuia tulikuwa nao.
Hilo huwa tunalisahau tunaposimulia.

Ya tatu ikashika.

Hapo ndipo midomo ilipofunguka.
"Msaliti!" Huyo Pruitt wa duka la matairi,
ambaye bendera yake juu ya paa imechakaa
hadi mistari ni nyuzi na wekundu ni maji ya mchele,
wala hakuna aliyewahi kumwita lolote.
"Arudi kwao!" Kwao ni Mtaa wa Linden, nyumba ya tatu.
Mwanamke mmoja alimtemea mate, yakaishia kiatuni.
Msichana wa chuo alipiga makofi, akapiga picha,
akajipiga na yeye mwenyewe humo.
Wakili Tillotson, bila kuulizwa,
akaeleza kwamba majaji waliamua zamani:
kuchoma nako ni kusema.
"Basi aseme kwa mdomo!"
Kwa mdomo? Mtoto yule
neno moja humla nusu ya asubuhi.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nanusa.

Bendera za dukani ni nailoni.
Haziungui, huyeyuka,
hudondosha machozi meusi yanayonata.
Hii ilikuwa pamba. Ilinuka
kama shati lililosahauliwa chini ya pasi.
Nikaipima kwa jicho, jicho langu halihitaji futi:
ndefu mno. Hakuna mlingoti wa nyumba unaoibeba.
Urefu ule tunaushona kwa kazi moja tu,
meza ya mwisho, karibu na dirisha,
na tukiushona hatuongei.

Ilikuwa ya jeneza.

Mikunjo ya pembetatu bado ilikuwa mwilini mwake,
miaka minne ndani ya kasha la kioo
juu ya televisheni ya mama yao.
Kaka yake aliitwa Rudy.
Alirudi, ndiyo. Chini yake.

Nilimtafuta mama. Alikuwa ng'ambo ya barabara,
mkoba kifuani, mikono yote miwili juu yake.
Hakulia, hakuita.
Nami najua, maana tulikuwa tukisali benchi moja,
kwamba ufunguo wa kasha lile
hauvuliwi shingoni mwake hata akioga.

Kila Juni wastaafu wa vita
huchoma bendera zilizochoka nyuma ya ukumbi wao,
kwa saluti, na soseji baadaye.
Pruitt ndiye hushika kiberiti.
Nilitaka kumkumbusha. Sikumkumbusha.
Polisi walikuwa wamefika, wapole kuliko sisi,
na mmoja akamwaga maji
juu ya kitu kilichokwisha kuzimika chenyewe.

Moto huzaa majivu, tulifundishwa hivyo.
Lakini pembeni, palipokuwa na mshono,
kulibaki utepe mwembamba, mweupe, mzima.
Niliuokota. Sijui kwa nini.
Umo kwenye kopo la vifungo.

Jumatano nilirudi kazini.
Meza ya mwisho ilikuwa na oda, saba.
Msimamizi akaja na kahawa yake:
"Uliona alivyoifanyia bendera yetu?"

Niliona, nikamwambia.
Ilikuwa imeshonwa vizuri.
Mishono ndiyo iliyochelewa kuungua.