Vituo Viwili, Mafungu Matatu

Jumatatu, zahanati ya watoto, Langoni.
Majina thelathini na moja yakatoka kwenye programu yangu
kwenda kwenye printa kuukuu ya pini
iliyoletwa kutoka Mokowe ndani ya gunia la mchele.
Ikakereza, ikakereza, ikatema:

Swabra Athman
              Shee Bwanamaka
                            Khuleta Omari

na waliobaki wakaporomoka nje ya ukingo.
"Mbona wote washuka ngazi?" akauliza nesi Mwanajabu.

Nikamkumbuka baba, karani wa kadhi, na taipu yake.
Kengele ikilia, alisukuma wenzo kwa kiganja:
karatasi ikapanda, kigari kikarudi mwanzo.
"Hayo ni mambo mawili," alinambia.
"Watu hudhani ni moja kwa kuwa mkono ni mmoja."

Kompyuta yangu huandika alama ya kuteremka tu.
Printa ilikuwa ikingoja na ya kurudi.
Haikuambiwa irudi, haikurudi.
Nikaiongeza; majina yakasimama wima kama boriti za mlango.

Jumanne wakataka majina yote kwenye mstari mmoja,
kwa ajili ya kompyuta ya mapokezi.
Kila jina nikalifungia koma nyuma,
hata la mwisho, ambalo halikuwa na mwenzake wa kutengwa naye.
Kompyuta ikaona koma, ikasadiki kuna mtu baada yake.
"Thelathini na mbili!" akaita Mwanajabu.
Kimya.
"Thelathini na mbili!"
Mama mmoja akatazama mlangoni,
akasogea kidogo kwenye benchi
kumpa nafasi asiyekuwepo.

Usiku nikafanya ujanja wa mvivu:
programu ikimaliza, ikate alama ya mwisho, iwayo yote.

Jumatano wakarudia orodha ya mistari, jina chini ya jina.
Mwishoni hapakuwa na koma.
Palikuwa na alama ya kufunga mstari, na kisu changu kikaikata hiyo.
Kompyuta ya mapokezi haisomi mstari usiofungwa.
Ikasoma thelathini, ikanyamaza.

Wa thelathini na moja alikuwa Tima Lali wa Kipungani,
mtoto wa wiki sita mgongoni,
ametoka kwao kabla ya alfajiri.
Alikaa hadi saa nane mchana, sindano zikafungiwa kwenye friji.
Hakugomba. Aliuliza tu
kama jina lake lina kasoro.

Nikamweleza shangazi Zena baada ya isha.
Hajui kompyuta. Akanitupia tasbihi mapajani.
"Hesabu."
Punje thelathini na tatu, kituo.
Thelathini na tatu, kituo.
Thelathini na tatu.
"Mafungu mangapi?"
Matatu.
"Vituo?"
Viwili.
"Na hii ndefu?"
Imamu.
"Huyo si kituo. Kituo hukaa kati ya watu. Huyo ndiye mwisho.
Wewe umewafanya mamoja, kisha ukawakata wote."

Nikaandika upya, taa ya umeme ikipepesa:
weka koma kabla ya kila jina
isipokuwa la kwanza;
na mstari, hata ukiwa wa mwisho,
hasa ukiwa wa mwisho, ufunge.

Alhamisi printa ikakereza.
Juu kabisa: Tima Lali.
Sikumuuliza Mwanajabu nani amepanga.
Kabla ya jina lake hapakuwa na alama yoyote.