Mlima wa Chumvi

Thoya hakuwahi kuuona mlima.
Alichokiona ni chumvi ya Gongoni,
malundo uwandani, meupe hata jicho hukataa,
na yeye kijana, koleo mkononi, nyayo zimechanika.
Baba alipomwambia, "Nataka mlima nyuma ya wateja,
wenye theluji, kama wa kalenda,"
alijikuna kidevu, akaomba siku nane
na buluu madebe mawili.

Akatandaza marekani sakafuni mwa studio, mtaa wa Barani,
akaipaka uji wa muhogo. Ikakauka, ikalia ukiigonga.
Mimi wa darasa la tatu, kazi yangu kushika taa.

Nilitaka kilele kikae katikati.
Si ndivyo tulivyochora shuleni,
pembetatu mbili, jua, na njia?
"La," akasema. "Katikati pana mwenyewe."
Akakisukuma kilele kushoto, juu, karibu kitoke nje ya nguo,
akaliteremsha bega la mlima polepole mpaka kulia,
na chini ya bega, pa kifua cha mtu na kichwa chake,
hakutia kitu.
Ukungu tu. Rangi ya maji ya mchele.

Jua lake lilitokea upande usio.
Taa ya Baba kulia, kivuli cha mlima nacho kulia.
Baba aliona akanyamaza, au hakuona.
Basi kila picha iliyotoka pale ina nyakati mbili:
mtu yuko asubuhi, mlima uko alasiri.

Wakaja.
Bi arusi wa Maweni, hina haijakauka.
Askari aliyepata uhamisho wa Garissa.
Kadzo na mapacha, mmoja analia,
mwingine kaipa kamera kisogo, anautazama mlima.
Mwalimu Fumo, aliyetaka kofia yake ilingane na theluji,
akapandishwa juu ya kreti la soda.
Hakuna aliyeuliza mlima huu ni upi.
Walivuta pumzi tu kabla ya kitufe kubonyezwa,
kama waliopigwa na baridi.

Baridi hiyo ndiyo siielewi.
Buluu ile ile imo milangoni, imo katika kanga za mama,
wala haimtetemeshi mtu.
Nadhani ni ule upande:
uzito wote umekaa kule,
na wewe peke yako huku,
unaushikilia usianguke.

Studio sasa ni duka la mabomba.
Leo nimelikunjua pazia uani.
Panya wamekula bonde.
Nikagusa theluji, nikaonja kidole.
Chokaa.
Nilitaka iwe chumvi.

Mwanangu kashika ncha ya juu, anachungulia.
"Mbona hapa katikati hapakumalizwa?"

Pamefubaa pale, pana mafuta ya migongo ya watu.
Baba hakusimama hapo hata siku moja,
wala Thoya.

"Sogea," nikamwambia. "Kidevu juu."