Waya Nne

Hatibu hunyoosha waya wa kutundikia kanzu,
huulaza mgongoni mwa Rehani,
vidole viwili nyuma ya mfupa wa bega,
huubonyeza taratibu mpaka ushike umbo,
kisha huuchora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji
kwa penseli ya seremala.
Mei. Julai. Agosti. Leo.
Waya nne msumarini, kando ya hatamu,
hapa Ibra, ambapo mwaka huu hata vivuli
vilitafuta pa kujificha.

Mei, mgongo ulikuwa chungu kilichofudikizwa.
Julai, chungu kimeanza kuwa paa.
Agosti ni paa hasa,
na huku na huku ya uti, palipokuwa na nyama,
mabonde mawili ungeweza kuyajaza tende.

Hatukumkosea. Alikula, alinywa,
feni ilimpepea tangu adhuhuri.
Ila hakuna aliyempanda,
na nyama isiyoitwa kazini huondoka,
haigombi, haiagi.

Mimi nami nilikuwa na yangu.
Nilijifungua mwisho wa Juni, mtoto wa kiume, Muhanna.
Mama mkwe akanikaza mkaja hadi pumzi ikaomba ruhusa,
nikakandwa, nikanyweshwa uwatu,
uwatu, uwatu, mpaka jasho langu likanuka uwatu.
Arubaini ikapita.
Usiku, mtoto kifuani, magoti yangu yalikuwa yakibana farasi.

Jana nikalitoa tandiko ghalani.
Mei nililipaka mafuta mwenyewe, nikalifunika shuka,
nikajiona mwanamke mwangalifu.
Liling'aa. Halikushtuka kuniona.
Katika sisi watatu, lenyewe tu halikubadilika:
mimi nimetanuka, Rehani amepungua,
nalo limekaa vilevile,
linawangoja wale wawili wa zamani.

Hatibu ni mtu wa Pangani; akinyamaza, jua amesema.
Alilitua mgongoni bila nguo. "Tia vidole, Bi Shinuna."
Nikatia chini ya upinde wa mbele.
Mei viliingia vitatu.
Jana hata cha mwisho kiligoma.
Ngozi juu ya mfupa,
na bado mimi, na kilo zangu, sijapanda.
Nikainama: katikati, mwanga ulipita
ukatokea upande wa pili.

"Ukimpanda hivi, leo hatakwambia," alisema.
"Atakwambia baadaye, kwa nywele nyeupe."

Nikataka blanketi. Mbili, tatu, tuzibe tu.
"Moja sawa, siku mojamoja. Kwa tatu
utakuwa umepanda godoro."

Basi fundi wa Barka aje aongeze sufu?
"Akiijaza kwa mgongo wa leo,
Desemba, nyama ikirudi, ataifumua."

Nikakasirika, nikamwambia maneno
ambayo hayakumhusu yeye wala tandiko.
Akaokota ndoo akaenda kuteka maji.

Jioni tulipanda mlima kwa miguu,
njia ya mawe juu ya mfereji wa falaji,
mimi na Rehani, kamba ikiwa legelege kati yetu.
Bado nina mkaja ndani ya abaya.
Yeye hana hata mshipi tumboni.
Tulipofika juu tulihema wote wawili,
nikaweka kiganja pale penye bonde:
pana joto, pamelowa,
na chini ya ngozi kitu chembamba kinajikunja,
kinaachia, kinajikunja.

Hatibu anasema wiki sita. Labda nane.
Ameshanyoosha waya wa tano, hajauandikia mwezi.

Sijamwambia kuwa jana usiku nilijaribu
suruali yangu ya kupandia.
Iliishia mapajani.
Asubuhi nimeitundika kwenye msumari uleule,
na yeye, alipoingia kuchukua brashi,
aliisogeza kidogo tu,
isizifunike waya.