Ngozi ya Mtutu

Hapa Mkwaja, kusini ya Pangani, chumvi haibishi hodi.
Inapita tundu la ufunguo,
inakaa kwenye sukari, kwenye bawaba,
kwenye mishale ya saa ya kituo.

Nilikabidhiwa bunduki nambari kumi na saba
nikadhani weusi wake ni uchafu.
Nikaufuata kwa msasa, mchana kutwa,
hadi chuma kikacheka cheupe
nami nikacheka nacho.

Sajini Semboja hakufoka.
"Samaki umeshamparua magamba," alisema.
"Utampika lini?"
Akaitundika mlangoni, upande wa bahari.

Siku ya nne mtutu ulikuwa umepakwa binzari.

Weusi ule, kumbe, ulipikwa makusudi:
ngozi nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Ndani nako kuna krom, usiiparuze.
Mdeki uingie chumbani, utokee mdomoni,
kitambaa kikitoka cheusi, kingine, kingine,
mpaka kitoke kama kilivyoingia.
Mafuta ni tone, si karamu;
ya ziada hualika mchanga.
Na ukishamaliza
usiushike mtutu kwa kiganja kitupu.

"Kwa nini?"

Akafungua kabati, akanitolea nambari tisa.
Karibu na kilengeo, dole gumba
limechorwa kwa kutu, mistari yote ipo:
la Mbelwa, jasho la Mbelwa,
aliyestaafu mwaka juzi akaondoka alfajiri
bila kumuaga mtu.

Ufunguo wa kabati sasa ninao mimi.
Kila Ijumaa nambari tisa naitoa, naifuta.
Nikifika pale kwenye dole
mafuta napaka.
Kusugua, sisugui.