Nakala Moja Tu

Kichochoro cha nyuma ya Posta, barabara ya Digo,
duka halina jina, lina kibao cha mkono:
*Kopi kumi. Picha za pasi. Hatukopeshi.*

Nina nakala kumi na sita za kitambulisho changu.
Hakuna benki iliyoziomba,
wala sina kesi, wala simdhamini mtu.
Mama alizikuta chini ya godoro akitandika,
akauliza, "Kwani wataka kwenda Katari?"
Nikasema ndiyo.
Sasa Mjomba Badi keshaongea na wakala.

Mishi hajui haya.
Mishi ana doa la wino kwenye kidole cha shahada
na pini ya ushungi anayoiuma mdomoni
anapojifunga upya, feni ikimvuruga.
Muuza njugu anamwita shemeji, bila ruhusa ya mtu.
Mawakili wanamtania. Watoto wa shule wanamkopa, kibao wakikiona.
Mimi husema, "Moja tu."

Si kwamba sina maneno. Usiku ninayo,
tena yana vina na mizani, nimehesabu kwa vidole:

*Mishi moyo wanipwita, na kinywa kimefungika,*
*Neno langu nalivuta, kooni linakatika,*
*Kila nikija kupata, nakala ninayotaka,*
*Si karatasi nasaka, uso wako natafuta.*

Asubuhi linabaki "moja tu".

Leo ya kumi na saba.
Nimevaa shati la Idi, na leo ni Jumatatu,
jirani wameshaniuliza nani kafariki.
Mbele yangu mzee mwenye hati ya shamba, kurasa arubaini.
Nikaomba ziwe themanini.
Zikaisha.

"Ngapi?"
"Moja tu."

Akanilaza kifudifudi juu ya kioo,
akanifunika,
na ule mwanga wa kijani ukapita chini ya uso wangu
taratibu, kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
Mimi niliyesimama nje ya mashine
ndiye niliyeungua masikio.

Karatasi ikatoka. Hakunipa.
Akaisoma.
"Shekue Famau. Kumbe kesho siku yako ya kuzaliwa! Hongera."

Nami niliyekesha na mizani,
nami mwenye vina vya kati na vya mwisho,
nikamjibu: "Na wewe pia."

Na wewe pia!
Hata feni iligeuka ikatazama ukutani.

Akacheka. Nimekirudia kicheko kile njia nzima,
nakipima kama mnunuzi wa dhahabu:
hakikuwa cha kufukuza mtu.
"Mimi wa Mfungo Sita," akasema, "usiku wa Maulidi,"
akatia pini kinywani, akajifunga upya.

Nikaweka noti ya mia mbili, nikatoka mbio.
Chenji sikungoja. Sandali moja ilitaka kubaki.

Ni hapa Bondeni, mlangoni kwetu,
nilipopapasa mfuko wa shati la Idi.
Nakala ipo. Kitambulisho hakipo.
Kiko kwake, chini ya kifuniko,
uso umetazama chini.

Kesho, kwa mara ya kwanza,
nitakuwa na sababu ya kweli ya kwenda.
Nimeshaanza mazoezi mbele ya kioo cha mama:
"Samahani, jana nilijisahau kwako."
Maneno manne. Hayataki hata vina.

Lakini najijua.
Ataniuliza, "Ngapi?"