Nipo

Subaru yangu ilitoka kiwandani mwaka tisini na nane,
mwaka ule ule niliosimama mimi mbele ya kisu,
unga wa mtama usoni, macho wazi, bila kupepesa,
baba akinitazama miguu, si uso.
Kwetu Bugisu ukisema fulani alisimama
hakuna anayeuliza alisimama wapi.

Gari lenyewe halikujua kusimama.
Mbio lilizijua tangu lilikotoka.
Vijana wa Namakwekwe wakasema, ongeza turbo,
panua ekzosi, lingurume mpaka Nkoma walisikie.
Nikaongeza.
Halafu siku moja nashuka kutoka Sipi,
kona ya pili, lori la matoke mbele yangu,
nikakanyaga, na pedali ikazama
kama mguu kwenye tope la mpunga.
Nilisimama, ndiyo:
kwa gia, kwa handibreki, kwa mibuni ya mtu nisiyemjua
ambaye alitoka, akaihesabu iliyovunjika, akaandika.

Nikauza spika. Nikauza ile bawa ya nyuma.
Kalipa za pistoni nne zikaja kutoka Kisekka
kwa basi la usiku, ndani ya gunia la posho,
na diski mbili nzito kama mawe ya kusagia.
Kumbe breki ni kama mgeni aliyesema anakuja peke yake.
Ringi zangu za zamani hazikuzienea;
nikatafuta za inchi kumi na saba,
nikapata tatu nzima na moja ya kugongwa nyundo.
Kisha mipira. Kisha boliti. Kisha mke wangu akauliza
kama hilo gari litaanza kula nyama lini.

Kila gereji ya Mbale jibu lilikuwa moja:
kazi hiyo mpelekee Wozei.
Wozei ni mdogo wangu.
Tangu tugawane shamba la baba kule Budadiri
ni mwaka wa nne salamu zetu zinapita kwa mama.

Hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza
nani alifunga pedi hizi, akacheka kwa pua,
akaingia chini.

Kufunga kalipa, mtu mmoja anatosha.
Kutoa hewa ni kazi ya wawili,
mmoja ndani, mguu kwenye pedali,
mwingine chini na spana namba kumi
na mpira mwembamba ulioingia kwenye chupa ya maji.
Hapo huwezi kumtuma mama.

Kanyaga.
Nimekanyaga.
Shikilia.
Nimeshikilia.
Achia.

Mafuta yakatoka meusi kama chai iliyolala,
na mapovu, mengine makubwa, mengine kama mayai ya chawa.
Hewa kidogo tu, alisema, si kwangu, kwa gurudumu,
hewa kidogo tu ikikaa humo
unakanyaga wewe, inajikunyata yenyewe,
na nguvu yako haimfikii mtu.

Kile kidude cha kufungulia, mafundi hukiita nipo.
Kimya kilipozidi nikamwita, maana simwoni:
Wozei?
Nipo, akasema.
Sikujua anataja kidude au ananijibu.
Nikakanyaga.

Jioni tulizifundisha pedi barabara ya Kumi,
themanini, kisha kumi, usisimame kabisa,
themanini, kisha kumi, mpaka harufu ya kuungua ikaingia ndani
na yeye akafungua dirisha, akasema ni sawa, ni yenyewe.
Mara ya mwisho mbuzi akavuka.
Nikagusa tu. Gari likainamisha pua, likasimama,
likasimama hasa, na mikanda ikatushika vifua sote wawili.
Mbuzi hakuharakisha.
Wozei alikuwa anatazama mguu wangu.

Tulipofika langoni pake hakushuka mara moja.
Za nyuma, akasema, bado ni zile zile za zamani.
Nikasema, Jumapili?
Akasema, njoo na mafuta mapya.
Chupa ikishafunguliwa hunywa unyevu, hata ukiifunga vizuri.